2147483647: Hii si namba ya mdukuzi wala simu ya mtu. Tuichambue hapa

#1 fundi_seva (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Juzi niliitwa shule moja ya binafsi, mfumo wao wa kutuma meseji za ada umegoma. Nikafungua jedwali la wazazi, nakuta kila mzazi namba yake ya simu ni 2147483647. Mama nani 2147483647, baba nani 2147483647, mpaka mkurugenzi mwenyewe. Mhasibu alishaapa kwamba wameingiliwa na wadukuzi. Kuna mwalimu alishaipiga hiyo namba ili amtukane mwenye nayo.

Hakuna aliyedukuliwa. Aliyetengeneza mfumo aliweka namba za simu kwenye safu ya INT, yaani ya namba nzima. INT ya kawaida ina biti 32 (nafasi za moja au sifuri), moja inabeba alama ya kujumlisha au kutoa, zinabaki 31. Zijaze zote 31 kwa moja-moja, unapata 2147483647 na hapo ndiyo mwisho wa barabara. Sasa namba ya Bongo ukiianza na 255 ni bilioni mia mbili hamsini na ushee, haiingii. MySQL, programu inayotunza hayo majedwali, ikiachwa kwenye ile hali ya upole haikukatalii, inakata kimyakimya na kuandika kikomo. Wazazi wote wakawa mtu mmoja. Dawa ni kuzihifadhi kama maandishi, kwani nani anajumlisha namba za simu? Hilo limekwisha, silo lililonileta.

Lililonileta ni namba yenyewe. Hii 2147483647 ni namba TASA. Haigawanyiki kwa chochote zaidi ya 1 na yenyewe. Na jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1772, kabla ya kompyuta, kabla hata ya treni. Aliyethibitisha ni mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg, Urusi, na kipindi hicho macho yalikuwa yamemwisha karibu kabisa. Kwa zaidi ya miaka 80 baada ya hapo hakuna binadamu aliyejua namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Kinachonichekesha ni Mwingereza mmoja, Peter Barlow. Zile namba ambazo ukijumlisha vigawo vyake (ukiiacha yenyewe) zinarudi palepale, kama 6 = 1 + 2 + 3, au 28 = 1 + 2 + 4 + 7 + 14, tuziite timilifu. Kila namba tasa ya sura ya 2147483647 (2 kwa kipeo fulani, toa 1) inazaa moja. Hii yetu inazaa 2305843008139952128. Mwaka 1811 Barlow akaandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa hoja kwamba ni vitu vya kustaajabisha tu, havina matumizi, kwa hiyo hakuna mtu atakayehangaika kutafuta nyingine. Leo sijui kama kuna simu hapa Kariakoo isiyo na 2147483647 ndani yake.

Karibuni. Mwenye swali aulize, mwenye nondo ashushe.

#2 dogo_wa_geto

Nimeweka mkeka. Kumbe ndiyo maana sarafu zangu kwenye gemu ziligota hapohapo! Nilidhani wamenifungia.

#3 mama_wawili

Mkuu, swali la mtu asiye wa hesabu. Namba ya bilioni mbili, na mtu haoni, anajuaje haigawanyiki? Alijaribu zote?

#4 fundi_seva

Angezijaribu zote asingemaliza, dada. Kwanza lile la darasani: ukitafuta vigawo huna haja ya kuvuka kipeuo cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na nukta. Kama ina kigawo, basi lazima kimoja kiwe chini ya hapo. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni karibu 4,800. Bado ni kazi ya punda.

Euler akazichuja. Alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha 2^31 − 1 (ndiyo namba yetu hiyo, 2 kwa kipeo cha 31 toa 1) lazima ukikigawanya kwa 62 kibakize 1. Na kwa 8, lazima kibakize 1 au 7. Ukiunganisha masharti mawili zinabaki namba za sura mbili tu: 248n + 1 na 248n + 63. Zihesabu mpaka 46,340, ukiitupa 63, unapata 372. Kutoka karibu 4,800 hadi 372, na hujagawanya hata mara moja! Nyingi kati ya hizo 372 zenyewe si tasa, nazo unaziruka.

Ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311. Gawanya 2147483647 kwa 311, jibu 6,905,092 baki 35. Imegoma. 497 iruke, ni 7 × 71. 559 iruke, ni 13 × 43. Nenda hivyo hadi 1303, ambayo ni tasa. Baki 226. Imegoma. Unasonga mpaka elfu 46 na kila mahali kuna baki. Ukifika mwisho huna "inaonekana ni tasa". Ni tasa, faili limefungwa.

#5 mwl_mstaafu

Vijana, hiyo 62 mmeitupa kama imeshuka kutoka mbinguni. Ngoja niwape njia yake kwa namba ndogo.

Chukua 2^11 − 1, ambayo ni 2047. Sasa andika mabaki ya vipeo vya 2 ukigawanya kwa 23. Unaanza na 2, unazidisha kwa 2 kila hatua, ukivuka 23 unaitoa:

2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1.

Hesabuni hatua: 11, tumerudi kwenye 1. Maana yake 23 inagawanya 2^11 − 1 bila baki. Na kweli, 2047 = 23 × 89.

Mwanahisabati Fermat alishatuachia kanuni kwamba ukigawanya kwa namba tasa q (isiyo 2), ukifika hatua ya q − 1 lazima uwe umerudi kwenye 1. Kwa 23 ni hatua ya 22, na mzunguko wa 11 unaingia humo mara mbili kamili. Kwa hiyo mzunguko ukiwa na urefu wa 11, basi 11 inagawanya q − 1. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, hivyo 22 nzima inaigawanya. Tazama: 23 ni 22 + 1, na 89 ni 4 × 22 + 1. Weka 31 mahali pa 11, mnapata 62 ya Euler.

Kwa nini mzunguko usiwe mfupi zaidi ya 31? Kwa sababu urefu wake lazima uigawanye 31, na 31 ni tasa. Unabaki urefu wa 1, ambao hauwezekani.

Ile ya 8 inatokana na kwamba 2^32 ni mraba wa 2^16. Kama 2^31 inabakiza 1, basi 2^32 inabakiza 2, kwa hiyo 2 ni mraba katika mabaki ya q. Hilo hutokea tu kwa namba tasa zinazobakiza 1 au 7 kwa 8. Uthibitisho wa kipande hicho siuandiki hapa, utakula uzi wote.

#6 dogo_wa_geto

Shikamoo mwalimu. Ungenifundisha wewe ningekuwa mbali.

#7 mwl_mstaafu

Marahaba. Huenda nilikufundisha ukawa unachora mpira nyuma ya daftari.

#8 kahawa_chungu

Sukari imepanda, nauli imepanda, nyie mnagawanya kwa 311. Barlow alisema kweli, hivi vitu havina faida. Nipeni faida MOJA, si ya kwenye karatasi.

#9 fundi_seva

Mzee, gemu la dogo hapo juu linarusha dadu. Kompyuta haina mkono wa kurushia, inahitaji namba zinazoonekana kama za kubahatisha. Njia mojawapo ya zamani, aliyoibuni mwanahisabati D. H. Lehmer na baadaye Park na Miller wakaipigia debe mwaka 1988, ni hii: chukua namba uliyo nayo, zidisha kwa 16807, gawanya kwa 2147483647, tumia baki. Basi. Ukianza na 1 unapata:

16807
282475249
1622650073
984943658

na kuendelea. Inatembea hivyo na kuigusa kila namba kuanzia 1 hadi 2147483646, kila moja mara moja tu, ndipo irudi ilikoanzia. Utasa ndio unaoiwezesha. Kigawanyo kingekuwa na vigawo vyake, mzunguko usingeweza kuzigusa zote. Na 16807 hawakuiokota njiani: ni 7 kwa kipeo cha 5, na 7 ni moja ya namba ambazo vipeo vyake vinazunguka mabaki yote ya 2147483647. Njia hii bado imo ndani ya maktaba ya kawaida ya C++ (lugha ya kuandikia programu) mpaka leo.

Angalizo kwa madogo wanaojifunza kuandika programu: usiitumie kutengeneza OTP, zile namba za siri za kutumika mara moja. Ni ya kuchezea dadu tu. Mtu akiona namba moja anazijua zote zinazofuata mpaka kiama.

#10 mama_wawili

Hapo kwenye OTP. Nimewahi kusikia kwamba pesa zetu za kwenye simu zinalindwa na namba tasa kubwa. Ndiyo hii?

#11 binti_kriptografia

Hapana dada, hii kwa kazi hiyo ni mtoto mchanga. Usalama wa mtindo wa RSA, njia maarufu ya kuficha ujumbe kwa hesabu, unategemea namba mbili tasa zinazozidishwa pamoja, kila moja ikiwa na tarakimu 300 na kidogo kwa funguo za biti 2048, na zinachaguliwa kwa siri. Namba ya tarakimu 10 simu yako yenyewe inaivunja kabla hujapepesa jicho.

Kuna nyingine isiyo ya siri lakini inafanya kazi kubwa: 2^255 − 19. Ni tasa, na ndiyo msingi wa mkunjo unaoitwa Curve25519. Ukituma meseji WhatsApp, funguo zinapatikana kwa hesabu za mabaki ya namba hiyo.

Na kuna watu wanadhani ile namba tasa inayoshikilia rekodi ya dunia inalinda benki. Hailindi hata kibubu. Kila mtu anaijua!

Ila nisiidharau hii ya uzi. Miaka hii imerudi kwa kishindo kwenye mifumo mipya ya uthibitisho wa kikriptografia, kwa sababu kutafuta baki lake hakuhitaji kugawanya. Mnakumbuka shuleni, kujua baki la 9 unajumlisha tarakimu? Inawezekana kwa sababu 9 ni 10 toa 1. Namba yetu ni 2^31 toa 1, kwa hiyo kompyuta inakata namba kubwa vipande vya biti 31 na kuvijumlisha, imemaliza. Kuna namba tasa nyingi za ukubwa huu, lakini yenye urahisi huo ni hii.

#12 jicho_la_tatu

Mimi nina wasiwasi na jambo moja. Kikomo cha biti 32 kimeangukia kwenye namba tasa. Hiyo ni bahati kweli, au waliotengeneza kompyuta walikusudia?

#13 fundi_seva

Hawakukusudia. Biti 32 zilichaguliwa kwa sababu za ufundi wa mashine, hakuna aliyemuuliza Euler. Ila si bahati tupu.

Iandike kwa mfumo wa moja na sifuri. Kikomo cha biti 16 ni moja kumi na tano mfululizo. Zipange tatu-tatu:

111 111 111 111 111

Inaonekana kwa macho kwamba inagawanyika kwa 111, ambayo katika mfumo huo ni 7. Zipange tano-tano, inagawanyika kwa 11111, ambayo ni 31. Na kweli 32767 = 7 × 31 × 151. Kwa hiyo idadi ya moja ikiwa inagawanyika, namba nzima imeshaharibika. Biti 64 zinakupa moja 63, na 63 inagawanyika kwa 3, basi nayo si tasa, 7 inaingia. Lakini moja 31 huwezi kuzipanga kwa makundi sawa, vivyo hivyo moja 7, na 127 ya biti 8 ni tasa. Hata biti 128 kikomo chake, 2^127 − 1, ni tasa. Alithibitisha Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1876, kwa mkono, tarakimu 39. Barlow akawa ameshapitwa.

#14 jicho_la_tatu

Kwa hiyo kipeo kikiwa tasa, jibu ni tasa. Safi, nimepata fomula.

#15 mwl_mstaafu

Pole pole kijana. Nimekuonyesha 2047 hapo juu, kipeo ni 11 na bado imevunjika. Kipeo tasa ni sharti la kuingia mlangoni, hakikuhakikishii kiti.

Wakubwa wameteleza hapo. Pietro Cataldi, Mwitaliano, alithibitisha vizuri 2^17 − 1 na 2^19 − 1 mwaka 1588, kisha akadai 23, 29, 31 na 37 nazo zinatoa namba tasa. Kati ya hizo nne ni 31 tu iliyosimama. Mtawa Marin Mersenne, ambaye namba hizi zimebeba jina lake, mwaka 1644 akatoa orodha mpaka 257. Akaingiza 67 na 257 kimakosa, akaziacha 61, 89 na 107. Ile ya 67 ina kisa kitamu. Oktoba 1903 Frank Cole alisimama mbele ya wanahisabati New York, inasimuliwa kwamba hakufungua kinywa. Akaandika ubaoni 2^67 − 1 imekokotolewa yote, upande wa pili akazidisha kwa mkono 193707721 × 761838257287, majibu yakalingana, akarudi kuketi. Watu wakapiga makofi.

#16 dogo_wa_geto

Huyo Cole ndiye mwalimu ninayemtaka, asiyeongea 😂

#17 mwanachuo_udsm

Wakuu, kwenye uzi huu hakuna aliyetaja kipimo kinachotumika siku hizi. Hakuna kutafuta vigawo kabisa. Kinaitwa cha Lucas na Lehmer (Lehmer yuleyule wa dadu). Anza na 4. Kila hatua: zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki la namba unayoipima. Kipeo kikiwa p, fanya hatua p − 2. Ukiishia 0 ni tasa, usipoishia 0 si tasa. Jaribu na 127, kipeo 7, hatua 5:

4 → 14 → 67 → 42 → 111 → 0

Hatua ya mwisho: 111 × 111 = 12321, toa 2 ni 12319, ambayo ni 127 × 97 kamili. Sifuri. Kwa 2147483647 ni hatua 29 tu. Nimeandika mistari michache kwenye simu, ikatoa sifuri kabla kidole hakijatoka kwenye kioo. Kipimo hichohicho ndicho kinachotumika kuhakikisha namba za rekodi. Oktoba 2024 Luke Durant wa Marekani, kupitia GIMPS, mradi wa kujitolea wa kusaka namba hizi, alipata 2^136279841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320. Hiyo ni ya 52 tu kujulikana katika ukoo huu.

#18 kahawa_chungu

Nimesoma yote, siwezi kusema sijaona faida. Lakini kuna kitu nilisikia kuhusu 2038, kwamba kompyuta zitakufa. Ni namba hiihii?

#19 fundi_seva

Hiihii mzee. Kompyuta nyingi za mtindo wa Unix zinahesabu muda kwa sekunde kuanzia mwanzo wa 1970. Zinazohifadhi sekunde hizo kwenye biti 32 zitafika 2147483647 Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata alama inageuka, namba inakuwa hasi, na mashine itaamini ni Desemba 1901. Mashine kubwa na simu mpya zimeshahamia biti 64. Ninazoziogopa ni vidude vidogo vilivyofungiwa ndani ya mageti, mita na mitambo ya viwandani, ambavyo hakuna anayekumbuka nani aliviweka. Hata YouTube iliwahi kuhamishia kihesabio chake kwenye biti 64 kwa sababu video moja ya msanii wa Korea Kusini ilikuwa inaelekea kuivuka namba hii mwaka 2014.

#20 jicho_la_tatu

Nina wazo. 31 yenyewe ni 2^5 − 1. Na 5 ni tasa. Kwa hiyo namba yetu imezaliwa na namba ya ukoo uleule. Je, tukiirudia? 2 kwa kipeo cha 2147483647, toa 1?

#21 binti_kriptografia

Wazo zuri, na lina wazee wake. Ukianza na 2, 3, 5 na 7 kisha ukapanda ngazi mbili unapata 7, 127, 2147483647 na 2^127 − 1, zote nne tasa. Hakuna ya tano inayojulikana.

Hiyo unayoitaka ina tarakimu milioni 646 na zaidi, hakuna anayeipima kwa kipimo cha mwanachuo. Lakini tumia chujio la mwalimu: kigawo chake lazima kiwe na sura ya 2k × 2147483647 + 1. Weka k = 68745, unapata 295257526626031. Hiyo inaigawanya bila baki. Namba ya tarakimu milioni mia sita imeangushwa na ya tarakimu 15.

#22 jicho_la_tatu

Duh. Basi tupande kwenye 2^127 − 1. Yaani 2 kwa kipeo cha hiyo, toa 1. Hiyo je?

#23 binti_kriptografia

Hiyo hata idadi ya tarakimu zake ina tarakimu 38, kwa hiyo usiote kuiandika. Watu wamebaki kuwinda vigawo vidogo na hawajapata hata kimoja. Ukitaka kujiunga anza moja kwa moja na namba za sura ya 2k × (2^127 − 1) + 1, zinazobakiza 1 au 7 kwa 8. Zingine zote ni kumaliza bando.